Lugha mbili za kigeni mwaka wa kwanza: zinapogongana na namna ya kuziachanisha

Chukua neno gamba. Kwetu ni lile la samaki, linaloparwa kwa kisu kabla hajatiwa ndimu. Kwa Mtaliano gamba ni mguu. Kwa Mhispania gamba ni kamba, huyuhuyu wa baharini anayechomwa Forodhani, Unguja, jioni. Mwanafunzi aliyeanza Kitaliano na Kihispania mwezi mmoja atamtangazia mgeni wa Kitaliano kwamba leo kuna mguu mzuri wa kuchoma, na mgeni atabaki kujiuliza ni wa nani. Burro nalo ni hivyohivyo: Mtaliano ni siagi, Mhispania ni punda.

Kila muhula wa kwanza wapo wanaobeba lugha mbili kwa pamoja, moja kwa ajili ya shahada na ya pili kwa ajili ya hoteli. Nyumbani watatupiwa ile methali ya mshika mawili. Kushika mawili si tatizo, kwani mtoto wa Unguja au Pemba anayeingia chuo kikuu tayari amekwishashika Kiswahili, Kiingereza cha skuli na Kiarabu cha kusoma. Tatizo ni kuzianza mbili mpya siku moja, kwa uzito mmoja, kwenye daftari moja.

Mtu akitafuta neno la Kitaliano asilipate, kinachomjia mdomoni si Kiswahili. Ni Kifaransa alichokisoma jana. Kiswahili kina mahali pake na hakisogei. Lugha changa ndizo zinazolala kwenye rafu moja, na ukinyoosha mkono gizani unatoka na yoyote. Basi mipango yote ya mwaka wa kwanza iwe na kazi moja: kuziwekea hizi changa mbili alama ambazo mkono utazijua hata gizani.

Alama ya kwanza ni jozi yenyewe. Kwa anayeanza kabisa, Kitaliano na Kihispania ndiyo jozi mbaya kuliko zote, na Kitaliano na Kifaransa inafuata nyuma yake. Watu hudanganywa na ufanano. Ufanano unasaidia kusoma, kwa sababu maneno mengi utayakisia, lakini kwenye kuongea unaua. Kijiko kwa Mtaliano ni cha kiume, il cucchiaio, kwa Mfaransa ni cha kike, la cuillère. Uma ni wa kike kwao wote wawili, kwa hiyo ukishazoea kwamba zinakubaliana, kijiko kinakuangusha. Kama lazima uchukue mbili za ukoo mmoja, ya kwanza ifike B1 kabla ya kugusa ya pili. Kwenye ngazi za Ulaya zinazoanzia A1 hadi C2, B1 ni pale unapoweza kusimulia ya jana na kupanga ya kesho bila kufungua kitabu.

Kijerumani na Kitaliano ni jozi nzuri. Hazifanani sauti, na hata mpangilio wa sentensi ni mbali. Mtego mmoja tu wa kuukariri mapema, hasa kwa atakayefanya kazi mapokezi: caldo ya Mtaliano ni moto, kalt ya Mjerumani ni baridi. Bomba la bafuni limeshawahi kuleta mzozo kwa jambo dogo kuliko hilo.

Jozi ninayoiona bora kwa mtu wa huku, hata hivyo, ni Kiarabu na moja ya Ulaya. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wao hukadiria wiki 88 za darasani kwa Kiarabu, kama saa 2,200, na wiki 36 kwa Kiswahili. Hesabu hiyo ni ya mtu asiyejua alifu wala be. Aliyekaa chuoni, na hapa nasema chuo cha Kurani, miaka sita au saba, anaingia darasani na herufi zote, ana makhraj, yaani mahali pa kutolea sauti, ya ain, ya qaf na ya dhad, na ana mamia ya maneno ndani ya Kiswahili chake. Katibu, kitabu, maktaba na mkataba ni mzizi mmoja wa k-t-b. Hesabu, hisabati na mhasibu ni h-s-b. Elimu, mwalimu, taaluma na maalumu ni mzizi mmoja pia. Mwanafunzi Mwingereza hukariri habari ya mizizi kama kanuni. Wewe unahitaji kuonyeshwa mara moja tu.

Utajiri huohuo ndio unaowaponza. Anayesoma Kurani kwa tajwidi hujiona anakijua Kiarabu, analegea wiki nne za mwanzo, halafu nahau, yaani sarufi, inamkuta usingizini. Wiki hizo azitumie kwa mambo mawili. La kwanza ni wingi, kwa sababu wingi wa Kiarabu hauna kiambishi kimoja: kitab ni kutub, madrasa ni madaris, na kila jina linabebwa na wingi wake tangu siku ya kwanza. Tena wingi wa vitu visivyo watu hupewa sifa ya umoja wa kike, yaani kutub jadida. Sikio la Mswahili linadai "vitabu vipya", kila kitu kwa wingi, na hapo ndipo alama za mtihani zinapoondoka.

La pili ni maneno yaliyobadilika njiani. Rahisi yetu ni nyepesi na pia ni ya bei ndogo. Rakhis ya Kiarabu ni bei tu, kwa hiyo mtihani "rakhis" ni mtihani unaouzwa kwa bei poa. Ulio mwepesi ni sahl. Tafadhali yetu ni ya kuomba, ilhali tafaddal ya Mwarabu ni ya kukaribisha: pita, keti, kula. Ukiomba maji sema min fadhlik. Barua yetu kwao ni risala, na risala yetu ni ile anayosomewa mgeni rasmi, wakati baraa kwa Kiarabu cha leo ni kutokuwa na hatia. Yapo mengi ya namna hii. Yatengee kurasa mbili za mwisho za daftari, mstari mmoja kwa neno moja.

Ujue pia kwamba darasani ni Kiarabu fasihi, yaani cha vitabuni. Jamaa zako wa Maskati hawataongea hivyo kwenye simu. Wewe utauliza "ayna", wao watasema "wein". Mwaka wa kwanza wasikilize, usiwaige, la sivyo utakuwa na lugha tatu badala ya mbili.

Sasa suala la kutangulizana. Moja ianze, nyingine isubiri muhula mzima. Kama ratiba ya chuo inakulazimisha zote mbili kwa pamoja, hudhuria zote lakini nyumbani uwe na kubwa na ndogo: kubwa saa moja kwa siku, ndogo nusu saa, siku sita kwa wiki. Usizigawe sawa kwa kuona haya. Zikienda bega kwa bega zinafika A1 pamoja, na A1 mbili ndizo zinazochanganyika kuliko kitu chochote, kwa sababu zote zina maneno yaleyale mia tatu ya salamu, chakula, familia na tarakimu. Ikitangulia moja, unapojifunza kuagiza chai kwa ndogo, kubwa imekwishatoka mezani na inasimulia safari.

Kosa linalofuata ni la kupitia daraja la Kiingereza. Vitabu vingi vya lugha vinavyopatikana huku vimeandikiwa wasomaji wa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi anatoka Kijerumani kwenda Kiingereza, halafu Kiingereza kwenda Kiswahili, na kurudi njia ileile. Anapoteza muda, na mara nyingi anapita mbali wakati nyumba ilikuwa jirani. Mtaliano akiwa na njaa husema ho fame, Mfaransa j'ai faim, Mjerumani ich habe Hunger. Zote ni "nina njaa" yetu tupu. Mwingereza peke yake ndiye anayekuwa njaa yeye mwenyewe. Miaka nayo: ho vent'anni, j'ai vingt ans, "nina miaka 20". Anayepitia Kiingereza huandika sono venti, yaani "mimi ni ishirini". Sifa kwa Kiarabu na Kitaliano kwa kawaida inakaa nyuma ya jina kama kwetu: kitabu kipya, kitab jadid, libro nuovo. Kijerumani ndicho kinachoitanguliza.

Jinsia za majina zinawatisha watu bure. Mjerumani ana kijiko cha kiume, der Löffel, uma wa kike, die Gabel, na kisu kisicho upande, das Messer. Wanafunzi hulalamika kwamba hakuna mantiki. Na "kisu changu" na "uma wangu" vina mantiki gani? Uma haujawahi kukosewa na mtoto wa miaka mitano Makunduchi, kwa sababu hakuwahi kulisikia jina bila "wa" yake. Fanya hivyohivyo: usiandike Löffel popote pasipo der, hata kwenye karatasi ya kufungia njugu. Tofauti ni kwamba ngeli zetu zinajionyesha mbele ya neno, za Kitaliano zinajionyesha nyuma, na za Kijerumani mara nyingi hazijionyeshi kabisa.

Matamshi yanataka wiki mbili zake peke yake, kabla ya sarufi. Mkasa mkubwa ni ch. Mswahili ameilea kama ya chai. Mtaliano akiandika chi anasema "ki", na akitaka "chi" yetu anaandika ci. Mfaransa anasema "sh". Mjerumani ana mbili, ya Bach, ambayo ni kh ya kheri, na ya ich, ambayo ni laini zaidi, ulimi ukiwa mbele. J ya Mjerumani ni y, ya Mhispania ni kh, ya Mfaransa haimo katika Kiswahili, ni sh iliyotiwa sauti. Sch ni sh: Schule, ndiyo "shule" ya wenzetu wa bara, sisi tukabaki na skuli ya Mwingereza. Andika herufi hizi korofi kwenye karatasi moja kwa kila lugha, ibandike ndani ya jalada la daftari la lugha hiyo, na isionekane kwenye daftari la pili. Kila siku soma mistari kumi kwa sauti ukimfuata msomaji wa kanda, mitano kati yake irekodi kwenye simu, halafu sikiliza yako na yake kwa kufuatana. Wengi hurekodi na wasisikilize, na hiyo haina faida.

Kitaliano kina herufi zilizoongezwa uzito: nono ni wa tisa, nonno ni babu. Vitabu hueleza jambo hili kwa maneno mengi. Aliyepita chuo cha Kurani atie shadda, ile alama ya kukaza herufi, kwenye n, basi.

Na saa! Hapa hata wenye alama nzuri huanguka. Tarakimu inayotoka kinywani mwa mtu aliyechoka ni ya saa ya Kiswahili. Chakula cha jioni ni saa mbili, anamwambia Mtaliano alle due, mgeni anakuja saa nane mchana amevaa vizuri. Tafsiri isipite kwenye tarakimu, ipite kwenye jua: fikiria giza limeshaingia, watu wametoka msikitini baada ya isha, halafu sema alle otto. Kijerumani kinaongeza lake. Halb acht si nane u nusu, ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, ambayo kwetu ni saa moja u nusu. Namba za Mjerumani nazo zinaanza na mamoja: vierunddreißig ni nne-na-thelathini, 34, lakini mkono unaoandika haraka unaandika 43, na mgeni anapewa ufunguo wa chumba cha mwenziwe. Mwarabu naye anahesabu hivyohivyo, arbaa wa thalathun, kwa hiyo mwenye jozi ya Kiarabu na Kijerumani anajifunza zoezi moja kwa faida mbili. Fanya hivi: mwenzako akutajie namba 20 za tarakimu mbili, wewe usiandike mpaka amalize kila moja.

Kwa msamiati, hakuna kilichoshinda karata, yaani vikaratasi vyenye swali mbele na jibu nyuma. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunachokikariri kinatoroka haraka mwanzoni, halafu polepole, na kwamba marudio yaliyoachiana nafasi hukizuia. Sebastian Leitner akaja mwaka 1972 na sanduku lenye vyumba. Programu za simu kama Anki zinafanya kazi hiyohiyo, na anayeipenda simu aitumie. Mimi kwa lugha mbili naona karatasi ni bora, kwa sababu moja tu: masanduku mawili ya karatasi hayachanganyiki mkononi.

Unataka boksi mbili za viatu, rangi mbalimbali. Karatasi ya A4, ikiwa ya manila ni bora, ikunje mara tatu uikate, unapata karata nane. Boksi ligawe vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Karata mpya inaanzia chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukiijibu sawa inasogea cha pili, kinachopitiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Cha tatu ni Jumamosi, cha nne Jumamosi moja ndani ya mbili, cha tano mara moja kwa mwezi. Ukiikosea, hata kama ilikuwa ya tano, inarudi ya kwanza bila huruma.

Upande wa mbele uandike Kiswahili, au uchore. Usiandike Kiingereza. Nyuma uandike neno pamoja na mzigo wake wote: jina la Kijerumani na der, die au das na wingi wake, jina la Kiarabu na wingi, kitenzi cha Kiarabu kwa wakati uliopita na uliopo, kataba, yaktubu, na chini yake sentensi fupi inayohusu mahali unapopajua. "Daladala ya Bububu imejaa" inakaa kichwani kuliko sentensi ya treni ya Munich ambayo hujaipanda. Lugha mbili zisikae kwenye karata moja hata siku moja. Hiyo orodha ya safu tatu, Kiswahili, Kifaransa, Kitaliano, inayopendwa sana na wanaopiga msasa wa mitihani, ndiyo mashine ya kutengenezea mkorogo.

Kiasi: karata mpya nane kwa siku kwa lugha kubwa, nne kwa ndogo. Kwa siku sita na wiki 15 ni 720 na 360. Inaonekana kidogo, na kila mwaka wapo wanaoanza na thelathini kwa siku. Wiki ya tatu marudio yanawazidi, wanaruka siku mbili, boksi linafungwa na kuwekwa juu ya kabati pamoja na begi la zamani. Ukiona marudio yamepita dakika 25, simamisha karata mpya kwa siku nne, yapungue.

Siku yenyewe ipangwe kwa sala, maana ndiyo saa isiyosahaulika. Kubwa iwe baada ya alfajiri, ndogo baada ya alasiri, na katikati ya hizo mbili pawe na jambo lisilo lugha: kuoga, kupika, kipindi cha hesabu. Zikifuatana papo kwa papo zinabebana. Mahali pia patofautiane, moja mezani, nyingine barazani. Ramadhani ratiba hiyo haifai. Punguza karata mpya ziwe nusu, sogeza kubwa baada ya daku, na ndogo iwe ya kusikiliza tu.

Kusikiliza kuna njia ya mkato ambayo Waswahili tumepewa na hatuitumii. DW, redio ya Ujerumani, wanatangaza kwa Kiswahili, na pia wanatoa taarifa ya habari ya Kijerumani inayosomwa taratibu pamoja na maandishi yake. RFI, redio ya Ufaransa, wanatangaza kwa Kiswahili, na wana taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi. Sikiliza ya Kiswahili kwanza, ujue leo kumetokea nini, halafu dakika tano tu za lugha yenyewe, mara tatu: bila maandishi, na maandishi, bila maandishi tena. Pakua ukiwa kwenye intaneti ya chuo, usichome bando.

Kuongea kunataka mtu, na hapa kisiwa kina bahati yake. TAKILUKI ya Vuga, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni iliyoanzishwa mwaka 1979 na sasa iko ndani ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, huwafundisha wageni Kiswahili. Wajerumani na Wataliano wanaotafuta Kiswahili wapo, nawe una Kiswahili cha kutoa. Kubalianeni saa moja kwa wiki, nusu Kiswahili, nusu lugha yake, kwa saa ya simu inayolia. Inaharibika kwa njia ileile kila mara: dakika ya kumi mnateleza mkaingia Kiingereza na hamrudi. Wekeni adhabu ya kahawa. Mwambie asikusahihishe katikati ya sentensi, aandike makosa matatu tu, akupe mwisho. Makosa hayo matatu yawe karata za siku ile.

Mapapasi wa pwani, vijana wanaowafuata watalii, wasidharauliwe katika hili. Kitaliano chao kina vitenzi visivyonyambuliwa, lakini hawana aibu, na aibu ndiyo inayowazuia wanafunzi wa chuo kufungua mdomo hadi mwaka wa pili. Chukua ujasiri wao, sarufi iache ufukweni Kiwengwa.

Wiki ya sita hivi mgongano utaanza kusikika, avec ya Kifaransa katikati ya Kitaliano au und ya Kijerumani katikati ya Kiarabu. Usiogope, ni dalili kwamba ile nyingine imeota mizizi. Malizia sentensi na shimo lake, halafu andika neno lililoingilia na lililostahili kwenye ukurasa mmoja wa migongano. Ukurasa huo hupitiwa Ijumaa tu. Ukiwa na zaidi ya migongano kumi kwa wiki, ndogo ipumzishwe siku saba, karata za marudio tu, na kubwa iendelee.

Mitihani ya mazungumzo ikiangukia siku moja, omba nafasi ya angalau saa mbili kati yake. Dakika ishirini kabla ya ule wa pili kaa peke yako, weka spika masikioni, sikiliza lugha hiyo tu na umfuatishe msomaji kwa sauti ya chini. Wenzako wakikuuliza ule wa kwanza ulikuwaje, wajibu kwa kichwa.

Likizo ndefu, ndogo ipewe dakika kumi kwa siku, chumba cha kwanza na cha pili tu. Muhula wa pili ukifunguliwa, karata zote za chumba cha tano zishushwe hadi cha tatu, za lugha zote mbili.